Nilisema "Baba", Ikasikika "Mama"

Siku ya kumi na mbili baada ya upasuaji, muuguzi alipokwisha kunitoa mpira wa kulishia uliokuwa umepitishwa puani, nilimwomba mdogo wangu ampigie baba simu, Pangani. Siku zote hizo nilikuwa sijatamka neno. Nilikuwa nikiandika katika daftari kila nilichokitaka. Baba alipopokea, nikamsalimu kama nilivyomsalimu maisha yangu yote: "Shikamoo baba." Upande wa pili pakawa kimya kidogo, kisha nikamsikia akijibu kwa adabu ya mtu anayezungumza na mgeni: "Marahaba. Mama hayupo, amekwenda msibani Mwera. Nani mwenzangu?"

Nilikuwa nimesema "baba", naye akasikia "mama". Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka 14 nilikuwa nimesimama mbele ya wanafunzi wa sekondari nikiwaeleza kwamba sauti /b/ na sauti /m/ hutamkiwa mahali pamoja, midomoni, na kwamba kinachozitenga ni njia ya hewa tu: kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya dari ya kinywa, likiinuka na kufunga njia ya pua, unapata /b/, likishuka na kuiachia hewa ipite puani, unapata /m/. Nilikuwa nikilichora jambo hilo ubaoni kwa chaki mbili za rangi. Sasa nilikuwa nimelala kitandani, nusu ya kaakaa langu imeondolewa, na baba yangu mzazi hakunitambua. Nilimrudishia mdogo wangu simu, nikageukia ukutani.

Ninaandika haya kwa sababu tangu wakati huo nimekutana na watu wengi waliopoteza sehemu ya kinywa au ya uso kwa saratani, kwa ajali za pikipiki au kwa kuungua, na karibu wote walikuwa wamefika mahali nilipofika mimi: jeraha limepona, daktari mpasuaji ameridhika, na mwenyewe hawezi kula mbele za watu wala kutamka jina lake likaeleweka. Kati ya kupona na kuishi kuna kazi nyingine nzima, na kazi hiyo ndiyo ninayoijua.

Ugonjwa wangu ulianza mwishoni mwa mwaka 2015 kwa ganzi. Upande wa kushoto wa kaakaa ulikufa ganzi kama vile nimechomwa sindano ya kung'olea jino, na ganzi ile haikuisha. Katika zahanati ya kwanza niliambiwa ni jino bovu, likang'olewa, na kidonda hakikufunga. Miezi mitatu ilipotea hapo. Kipande cha nyama kilipopelekwa maabara ndipo ilipojulikana kwamba ni saratani ya tezi ndogo za mate, zile zilizotapakaa kwa mamia chini ya ngozi ya kaakaa, na kwamba aina niliyokuwa nayo hukua polepole lakini ina tabia ya kuifuata mishipa ya fahamu, ndiyo maana ganzi ilitangulia maumivu. Machi 2016 nikafanyiwa upasuaji. Wakaondoa nusu ya kushoto ya kaakaa gumu pamoja na fizi na meno yake, na ukingo wa kaakaa laini. Nilibakiwa na meno manane ya juu. Sikujua wakati ule kwamba hayo manane yangekuwa nguzo za maisha yangu.

Jambo ambalo hadi leo linaniuma ni kwamba katika hospitali iliyonifanyia upasuaji hakuna aliyenipeleka kwa watu wa viungo bandia kabla ya kisu. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba kazi hii, inapofanywa ipasavyo, huanza siku kadhaa kabla ya mgonjwa kuingia chumba cha upasuaji. Huchukuliwa alama ya kinywa kikiwa bado kizima, fundi akatengeneza bamba jepesi la akriliki, ile plastiki ngumu ya meno bandia, na mpasuaji akalivalisha hapohapo mezani baada ya kukata, likishikilia vitambaa vya shashi, vile ambavyo wauguzi huviita gozi, visidondoke. Mgonjwa akizinduka anakuta ana dari mdomoni. Anaweza kumeza, anaweza kusema, na mara nyingi haihitajiki kumlisha kwa mpira wa puani. Wataalamu huliita bamba hilo obturata. Sisi wagonjwa tulizoea kuliita kizibo, na nadhani jina letu linasema vizuri zaidi kazi yake. Kizibo hicho cha kwanza huvaliwa kwa siku chache. Kisha hufuata cha mpito, ambacho hurekebishwa mara kwa mara kwa kuwa kidonda hujikunja na kubadilika umbo kadiri kinavyopona. Na mwisho, miezi kadhaa baadaye, huja cha kudumu chenye meno. Mimi nilipata cha pili na cha tatu. Cha kwanza, ambacho kingenipa sauti ya kumwamkia baba, sikukipata, na gharama yake isingekuwa hata sehemu ndogo ya gharama za kulazwa kwangu.

Tangu Machi hadi Agosti niliishi na tundu wazi. Chai nikiinywa ilitokea puani. Wali ulikuwa mbaya kuliko ugali, kwa maana punje moja moja zilipanda na kukwama mahali nisipoweza kufikia kwa kidole, zikaoza huko, na harufu yake nikaisikia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilipotia udhu, maji niliyoyapandisha puani yalianguka mdomoni, na niliyoyasukutua yalitoka puani, hata nikawa siwezi kujua ni kiungo gani nimekwisha kukiosha. Nilijaribu kuziba kwa gozi iliyopakwa vaselini, nikiikunja kama mtu anayeziba chupa ya mafuta ya taa kwa kitambaa, na ilisaidia kwa dakika chache za mazungumzo. Baadaye nilisoma kwamba katika karne ya 16 mpasuaji wa Kifaransa, Ambroise Paré, alieleza bamba la madini lililobebwa na sifongo: sifongo ikiingia tunduni hulowa, ikafura, na bamba likabaki mahali pake. Nilipoisoma habari hiyo nililia, kwa kuwa karibu miaka 450 baada yake mimi nilikuwa nahangaika na kitambaa peke yangu bafuni.

Sauti ndiyo iliyonivunja zaidi. Kila kipasuo, yaani sauti ambayo hewa huzuiwa kinywani kisha ikaachiwa ghafla, kiliharibika, na vingine viligeuka kuwa nazali, sauti za puani: /b/ ikawa /m/, /d/ ikawa /n/, /g/ ikawa /ng'/. /p/, /t/ na /k/ zilikuwa pumzi tu. /s/ na /sh/ zilitoka puani kama mtu anayepenga kamasi. Mtu akisema kwa king'ong'o, watu wetu hawamwoni kama mgonjwa. Humwona kama mtu aliyepungukiwa akili, wakamjibu kwa sauti ya juu na maneno mafupi kama wanavyomjibu mtoto. Dukani nilikuwa nikionyesha kwa kidole. Shuleni palisemwa nimepooza, na wengine walisema nimerogwa kwa ajili ya cheo cha mkuu wa idara. Watoto wangu wawili walijifunza kunielewa katika muda wa wiki mbili, na yule mdogo akawa mkalimani wangu mlangoni. Alikuwa na miaka saba. Baba naye alipata njia yake. Alihifadhi namba yangu kwa jina langu, na kila nilipopiga, kabla sijafungua kinywa, alisema: "Marahaba mwanangu. Wewe sikiliza tu, mimi nitasema."

Mwezi Mei nilianza tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, siku tano kwa juma, kwa majuma sita. Hapo nalazimika kusimama kidogo, kwa sababu mambo mawili yanayotokea wakati wa mionzi ndiyo yanayoamua kama kiungo bandia cha kinywani kitavalika au hakitavalika, na watu huambiwa kwa haraka wakiwa tayari wamechoka kusikia.

La kwanza ni meno. Mionzi ikipita katika tezi za mate, mate hukauka, na kinywa kisicho na mate huozesha meno kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona. Lakini jino lililooza baada ya mionzi si jambo la kung'oa ovyo, maana mfupa uliopigwa na mionzi hupungukiwa damu na unaweza kukataa kupona, ukafa na kutokeza nje ya fizi. Kwa hiyo meno mabovu hung'olewa kabla, na yaliyobaki hulindwa kama mboni ya jicho: dawa ya meno yenye floraidi nyingi, mswaki laini, maji ya kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, na kuacha kabisa peremende na soda ambazo mtu mwenye kinywa kikavu huzitamani. Mimi nilikuwa na manane tu. Kizibo cha nusu kaakaa hakina cha kujishikilia upande wa tundu. Huning'inia kwa vibanio vya waya vinavyokumbatia meno ya upande uliobaki. Kila jino linalopotea ni nguzo ya paa inayong'olewa.

La pili ni taya. Misuli ya kutafunia iliyopata mionzi hukakamaa, na mdomo hufunga siku hadi siku bila maumivu yoyote ya kukuonya. Mtu mzima huweza kuingiza vidole vyake vitatu kwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Mwishoni mwa mionzi mimi kilipita kimoja na nusu. Daktari wa viungo bandia aliponiona mara ya kwanza hakuniangalia tundu. Alinitaka nifungue mdomo, akapima kwa rula, akaniambia kwa upole kwamba hata akinitengenezea kizibo kizuri kuliko vyote, hakutakuwa na mlango wa kukipitishia. Akanipa vijiti vya mbao, vile bapa vya kukandamizia ulimi wakati wa kutazama koo. Kazi yangu ilikuwa kuvipanga vikae kati ya meno, kumi na kimoja siku ya kwanza, kisha kuchomeka kimoja zaidi katikati, kukaa navyo kwa muda, kupumzika, kurudia, mara tano kwa siku. Nilivifanya wakati wa adhana ili nisisahau. Baada ya wiki saba nilifika kijiti cha kumi na saba. Sijawahi kufurahia alama yoyote ya mtihani kama nilivyofurahia kijiti kile.

Agosti hiyo ndipo nilipoingia kwa mara ya kwanza katika maabara ya fundi wa meno, chumba kidogo chenye dirisha kubwa la upande wa mashariki, vumbi jeupe la jasi kila mahali, na harufu kali ya akriliki mbichi. Daktari aliziba kwanza mashimo ya ndani kabisa ya tundu langu kwa vipande vya gozi vyenye vaselini na uzi mrefu, ili unga wa kuchukulia alama usipande ukakatikia huko, kisha akauchanganya unga wenyewe kwa maji ukawa kama uji mzito wa rangi ya waridi. Unga huo hutokana na mwani. Nilipoambiwa hivyo nilifikiri ni ule mwani mwekundu unaolimwa na akina mama wa Unguja na wa kwetu Tanga, lakini sivyo. Ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Hata hivyo ilinipa faraja, mimi mtoto wa pwani, kujua kwamba kitu kilichonijaa kinywani kilitoka baharini. Uliganda kwa dakika chache, ukachomolewa kwa mvuto mmoja, na kwa mara ya kwanza nikaliona umbo la kile nilichopoteza: kibonge chenye ukubwa wa yai dogo la kanga, chenye mikunjo na kingo.

Fundi alikijaza kile kivuli cha kinywa changu kwa jasi, akapata mfano wa kinywa, akakunja waya za vibanio juu yake, akaunda kizibo kwa nta, kisha nta ikayeyushwa na akriliki ikachukua nafasi yake. Maelezo haya ni mafupi. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku nne. Nilipovalishwa kizibo cha mpito, daktari alisema, "Haya Mwalimu, sema chochote." Nikasema, "Baba."

Ilikuwa /b/ chafu, yenye upepo kando, lakini ilikuwa /b/.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo, na wengi hudhani hivyo: kwamba kiungo bandia hutengenezwa, hukabidhiwa, na mtu huenda zake. Ukweli ni kwamba hapo ndipo tulipoanza. Kingo za kizibo hazikufika sawasawa kwenye kuta za tundu, kwa maana kuta zile hazitulii. Zinasogea ukimeza, ukigeuza shingo, ukifungua mdomo. Daktari alipaka nta laini kwenye kibonge, akanivalisha, akanitaka nimeze, nigeuze kichwa kulia na kushoto, niinamishe kidevu, nitikise taya, ili nyama zenyewe zichonge nta zinavyotaka. Kisha alishika kile kioo kidogo cha madaktari wa meno, chenye mpini, akakiweka chini ya pua yangu, akaniambia nitamke maneno yasiyo na sauti ya puani. Kioo kikipata ukungu, hewa inavuja.

Hapo ndipo ualimu wangu ulipopata kazi. Daktari alikuwa na orodha ya maneno ya Kiingereza aliyojifunzia chuoni. Niliomba karatasi, nikaandika yangu: papa, pepo, pipa, popo, pupa, baba, dada, kaka, tatu, kikapu, kitabu, gugu. Kila neno lilichaguliwa lisiwe na nazali hata moja. Chini yake nikaandika safu ya pili: mama, nane, nyanya, ng'ombe, namna. Fundi akauliza safu ya pili ni ya nini, kwa kuwa hayo hata kabla ya kizibo nilikuwa nayatamka vizuri. Jibu lilikuja wiki mbili baadaye. Katika kuziba uvujaji, tulikuwa tumeongeza kibonge hadi kikasukuma njia ya pua, na nilipofika safu ya pili "mama" ikasikika "baba", "nane" ikawa "dade". Nilikuwa mtu mwenye mafua yasiyoisha, nikipumua kwa shida usiku. Ilibidi kupunguza kidogo nyuma na kubakiza mbele. Kati ya "baba" iliyo safi na "mama" iliyo safi palikuwa na unene wa akriliki usiozidi ukucha, na tuliutafuta unene huo kwa ziara tisa. Daktari hakuwa na namna ya kuujua bila masikio yangu, wala mimi bila mikono yake. Mgonjwa anayekaa kimya kwenye kiti kile kwa kuogopa kusumbua hujinyima mwenyewe. Nasema hivi nikijua jinsi tulivyolelewa kumwitikia daktari "ndiyo" hata tusipoelewa.

Kizibo cha kudumu nilikitengenezewa mwanzoni mwa mwaka 2017, mahali pengine, kwa sababu ilinibidi kurudi kazini na pale palikuwa karibu zaidi na kwangu. Kilikuwa kizuri kwa macho, kina meno matano yanayofanana na ya kwangu, na kiliinua shavu langu lililokuwa limebonyea. Kibonge cha kudumu hufanywa kiwe na uwazi ndani, kama dafu lililonywewa maji, ili kiwe chepesi kisiyavute meno yanayokishikilia. Changu kilifungwa vibaya kwenye kiungio. Baada ya mwezi mmoja nilianza kusikia harufu mbaya mdomoni, nikaosha zaidi, ikazidi. Niliamini saratani imerudi. Sikumwambia mtu kwa wiki sita, wala mume wangu; nilisali usiku na kuandaa moyoni nani atakaa na watoto. Hatimaye nilikwenda kwa yule fundi wa kwanza, Dar es Salaam. Alikichukua kizibo, akakiweka karibu na sikio, akakitikisa, kisha akanipa nami nikitikise. Maji yalikuwa yakicheza ndani. Akatoboa kitundu kidogo, yakatoka matone ya maji meusi yanayonuka, akasafisha, akaziba upya, akakizamisha katika maji ya moto kiasi ili aone kama mapovu yatatoka. Hayakutoka. Daktari alinikagua tundu kwa taa, akalikuta safi. Wiki sita za hofu zingemalizwa na mtikiso mmoja sikioni, na tangu hapo kila mtu mpya ninayekutana naye mwenye kizibo cha uwazi namfundisha kukitikisa kila Ijumaa.

Katika maabara hiyohiyo nilikutana na kijana mwenye ualbino aliyekuwa amepoteza pua kwa saratani ya ngozi. Ndugu zetu hawa huungua na jua tangu utotoni, na saratani huwapata wakiwa bado vijana. Alikuja amejifunga skafu, akakaa pembeni. Fundi alimketisha dirishani asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa maana rangi ya silikoni, ule mpira laini wa kutengenezea pua, haipimwi chini ya taa ya umeme, taa hudanganya. Juu ya kigae cha kioo aliweka silikoni nyeupe na kuanza kuongeza rangi kwa ncha ya kisu: nyekundu, njano, tone la buluu. Kila mara alikiweka kisu kando ya shavu la kijana, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa. Aliniambia kwamba ngozi nyeusi kama yangu nayo si rangi moja, kwamba chini ya weusi mna wekundu, na usipoutia, kiungo huonekana kama udongo. Kwa kijana yule kazi ngumu ilikuwa madoa ya jua. Aliyachora moja moja kwa brashi yenye nywele chache, akimtazama usoni kisha akaitazama pua, kwa zaidi ya saa moja, bila kusema.

Suala lilikuwa ni namna ya kuishikiza. Daktari Mswidi Per-Ingvar Brånemark alipogundua kwamba metali ya titani hushikana na mfupa hai, akamwekea binadamu wa kwanza vipandikizi vya meno mwaka 1965, alifungua njia ambayo baadaye ilifika kwenye masikio na pua zinazobanwa kwa skrubu au sumaku. Kijana hakuwa na uwezo wa gharama hizo. Gundi ya ngozi nayo, kwa joto la Dar es Salaam, hulegea kwa jasho ifikapo saa nane mchana. Fundi aliiunganisha pua na fremu ya miwani. Njia hiyo ni ya zamani: mchongaji Mmarekani Anna Coleman Ladd aliitumia mjini Paris wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipowatengenezea askari barakoa za shaba nyembamba, akazipaka rangi zikiwa zimevaliwa usoni ili zilingane na ngozi. Kijana alipoivaa hakuenda kwenye kioo. Alitoka nje hadi geti, akanunua mahindi ya kuchoma, akarudi akila. Alisema muuzaji hakumtazama mara mbili.

Silikoni hiyo hupauka. Jua lile lile lililoila pua yake huila na pua ya bandia, na kwa hali yetu hapa ni lazima ifanywe upya baada ya mwaka mmoja au miwili. Daktari alimwandikia kofia yenye ukingo mpana kwenye karatasi ya dawa, kama dawa, na alikuwa sahihi kufanya hivyo.

Mimi sasa ninafundisha. Nina kizibo cha tatu, nikihesabu tangu kile cha mpito. Nakivua baada ya kila mlo na kukiosha kwa sabuni na brashi laini juu ya beseni lenye maji, kwa kuwa cha pili kilinidondoka kwenye sinki la shule kikakatika kibanio. Sikimwagii maji ya moto, yanapinda akriliki. Tundu naliosha kwa maji vuguvugu ya chumvi asubuhi na jioni, na usiku nalala bila kizibo ili nyama zipumue, ingawa miezi ya mwanzo sikuthubutu, kwa sababu tundu bichi hujikunja upesi na unaweza kuamka ukakuta kizibo hakiingii tena. Kile cha zamani sikukitupa, nasafiri nacho. Na kuna neema moja ambayo sikuitegemea: kwa kuwa tundu langu halikufunikwa kwa nyama ya kupandikizwa, daktari hulichungulia kwa taa kila ninapokwenda, na kama ugonjwa ungerudi angeuona kwa macho.

Mwezi uliopita niliitwa maabara na fundi. Amekuwa akifanya hivyo mara kwa mara, na ile karatasi yangu ya maneno, iliyokwisha kuwa na alama za vidole vya jasi, imebandikwa kando ya dirisha. Kwenye kiti alikuwapo mvuvi mzee wa Kigamboni, taya lake la juu limeondolewa upande wa kulia, naye hajui kusoma. Alikuwa amekataa kusema kitu chochote tangu asubuhi. Nilimwamkia, akaniitikia kwa kichwa. Nikavuta stuli nikakaa mbele yake, nikavua kizibo changu, nikasema "papa" bila kizibo, nikamwacha aisikie ilivyo. Alinitazama sana. Nikakivaa tena, nikarudia, "papa". Daktari akaweka kioo chini ya pua yake. Mzee akasema neno, kioo kikajaa ukungu. Daktari akapaka nta kidogo upande wa nyuma, akamwambia ameze, ageuze shingo. Akasema tena, ukungu ukawa nusu. Mara ya tatu alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuita chombo kutoka ufukweni, akasema, "Papa," na kioo kikabaki kikavu.

"Nimewavua wengi hao," akasema.